Jaribio Moja Lililobaki

Lubna aliingia uani mbio, viatu mkononi, tope limemfika magotini.

"Mama! Jina langu limetoka! Rangpur wamenichukua!"

Parul alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko akipuliza kuni zilizolowana. Alisimama bila kujua kwamba amesimama. Kwa miaka miwili binti yake alikuwa akitafuta nafasi katika chuo cha uuguzi cha serikali, na mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake kuruhusiwa kuomba. Majina yalipotangazwa mwezi uliopita, lake liliwekwa kwenye orodha ya akiba. Tangu siku hiyo nyumba nzima iliacha kulizungumzia.

"Watatu wamejitoa," Lubna alisema akihema. "Mimi ni wa pili kwenye akiba. Lakini lazima nithibitishe leo kabla ya saa kumi. Ikipita hapo, anapewa anayefuata."

"Leo hii?"

"Orodha ilitoka jana. Mimi nimeiona sasa hivi kwa mwalimu mkuu." Alikuwa ameshika simu ya mama yake, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. "Ukurasa huu hapa, nimeshaufungua."

"Basi thibitisha, unangoja nini?"

"Wanatuma namba sita kwenye laini niliyojiandikishia. Bila hizo namba ukurasa haukubali."

"Na ulijiandikisha kwa laini gani?"

Lubna aligeuza macho taratibu kuelekea kwenye rafu ya jikoni, juu ya mitungi ya dengu, lilipokuwa debe la muri, bisi za mchele.

Parul aliyafuata macho yake.

Kila nyumba ya upande huu wa mto ina debe kama hilo, la bati, lenye mfuniko unaobana, kwa sababu bisi hizo zikipata hewa ya Ashar, mwezi wa mvua, zinalegea siku hiyo hiyo. Ndani ya debe hilo, katikati ya muri, ilizikwa simu ya nyumba. Ilikuwa simu nzuri, Kamrul mume wa Parul aliituma kutoka Oman, na mtunzaji wake alikuwa Mofiz, mdogo wake Kamrul. Ni Mofiz aliyesema Lubna ajiandikishe kwa laini hiyo. "Simu ya shemeji haina hadhi," alisema wakati ule. "Ikizima siku ya siku tutamlaumu nani?"

Jana asubuhi Mofiz aliinama kunawa kwenye ngazi za bwawa, simu ikateleza kutoka mfukoni na kutumbukia majini, ndipo akaizika kwenye muri ikauke.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi.

"Mofiz!" Parul aliita. "Mofiz, njoo!"

Mofiz alitoka chumbani akifunga vizuri kiunoni shuka lake la lungi. Alikuwa mwendesha pampu kwenye mabwawa ya kufugia kamba, mtu wa miaka arobaini na kitu, na barazani kwake hapakukauka watu. Simu inayoganda, aliizima na kuiwasha. Simu iliyojaa, alifuta picha za maua na salamu za asubuhi ambazo watu hutumiana mpaka simu inakosa pumzi. Spika isiyosikika, aliisugua kwa mswaki mkavu. Hakuwahi kutaka malipo, alitaka tu watu wakae wamtazame akifanya kazi.

Aliposikiliza habari yote aliinua mkono. "Tulieni. Kwanza pongezi, binti yangu. Pili, muri imefanya kazi tangu jana. Tutaitoa ikiwa kavu kabisa."

"Asubuhi ilikuwaje?" Parul aliuliza.

"Asubuhi iliwaka. Asilimia nne. Nikachomeka chaji, ikanionyesha tone la maji, ikakataa. Nikairudisha debeni."

"Ilikuwa inawaka, ukairudisha debeni?"

"Shemeji, simu yenyewe inasema ina maji! Nibishane nayo?"

Bibi Jobeda, mama yao Kamrul na Mofiz, alikuwa amekaa kwenye mkeka akikata mboga ya majani ya malabari kwa kisu kinachosimamishwa sakafuni. Hakuinua kichwa. "Gazeti lilisema mchele," alisema. "Mimi nilimwambia, Mofiz, gazeti limesema mchele mbichi."

"Mama, mchele mbichi una unyevu wake. Muri ni mchele uliokaangwa kwenye mchanga wa moto, hauna hata tone. Sasa kipi kinafyonza zaidi, kilicho na maji au kisicho nayo?"

Jana hoja hiyo ilimshinda kila aliyekuwepo. Parul jana hakuwepo. Alikuwa kazini, kwenye zahanati ya Daktari Nirod wa homeopathia, tiba ya vidonge vitamu, anakojaza dawa kwenye vichupa.

Mofiz alishusha debe, akachimba kwa vidole, akaitoa simu na kuipuliza. Alibonyeza kitufe cha pembeni akahesabu hadi ishirini. Kioo kilibaki cheusi. Akaichomeka kwenye chaji. Picha ya tone la maji ilitokea, simu ikalia mara moja, ikazima.

Akachomoa, akachomeka. Safari hii hata tone halikutokea.

"Baba mdogo," Lubna alisema, sauti imepanda. "Tuitoe laini. Tuiweke kwenye simu ya Mama. Ina nafasi mbili."

"Ndiyo nilikuwa naelekea huko huko," Mofiz alisema.

Parul alivua hereni yake. Mofiz alichoma kwa ncha yake kwenye kitundu cha pembeni, kitrei kikatoka, na Lubna akaipachika laini kwenye simu iliyopasuka. Wote watatu waliinamisha vichwa. Simu iliwaza kidogo, halafu ikaandika: *Laini imefungwa. Weka namba ya siri. Majaribio yaliyobaki: 3.*

"Nani ameifunga?" Parul aliuliza.

Mofiz alikohoa. "Ni usalama. Pale kivukoni wezi wanaiba simu, wanatumia laini ya mtu kukopa kwa jina lake. Nilisoma. Nikaweka namba."

"Namba gani?"

"Nimeihifadhi."

"Wapi?"

Alitazama simu nyeusi iliyokuwa mkononi mwake, na Parul akaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Ndani ya simu," Bibi Jobeda alisema kutoka kwenye mkeka. "Ameficha ufunguo ndani ya sanduku, akalifunga sanduku. Huyu nilimzaa mwenyewe."

"Mama, niliificha kwa akili! Nimeiandika kama namba ya simu ya mtu. Jina, Duka la Mbegu. Namba nne za mwisho ndizo zenyewe. Mwizi hawezi kujua."

"Hata wewe huwezi kujua."

"Nazikumbuka! Ni kichwa tu kinazunguka kwa kelele zenu." Alifumba macho. "Sifuri saba moja tisa. Ni pampu yangu ya zamani, ilikuwa na kibao."

"Una hakika?" Lubna aliuliza.

"Ningesema kama sina?"

Aliandika. Simu ikatetemeka. *Namba si sahihi. Majaribio yaliyobaki: 2.*

"Nimekosea kubonyeza," alisema Mofiz. "Ni tisa moja. Nimegeuza. Tisa moja sifuri saba."

"Mofiz, ngoja," Parul alisema, lakini kidole kilishapita.

*Namba si sahihi. Jaribio lililobaki: 1.*

Lubna alimpokonya simu na kuikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

Parul aliwapigia watu wa kampuni ya laini. Muziki ulicheza kwa dakika kumi na moja, kisha sauti ya kijana mpole ikamweleza kwamba jaribio la tatu likikosewa, laini itafungwa mpaka mwenye laini afike ofisini na kitambulisho na kuweka kidole gumba. Hata sasa, kama hana namba ya siri, njia ni hiyo hiyo. Ofisi iko Khulna mjini, ng'ambo. Saa hizi iko wazi, dada.

"Basi naenda," Mofiz alisema, tayari anatafuta mwavuli. "Nusu saa kwa kivuko, nusu saa kurudi."

"Utavukaje?" Lubna alisema. "Wamepandisha ishara ya dhoruba namba tatu. Kivuko kimefungwa toka asubuhi, hata mitumbwi wameivuta juu. Nimepita hapo sasa hivi."

Mofiz alibaki na mwavuli mkononi.

Saa nane kamili. Parul aliichukua simu iliyokufa kwenda nayo mlangoni, penye mwanga. Hakuwa fundi, na nyumbani humo hakuna aliyewahi kumuuliza lolote kuhusu simu. Lakini alitazama tundu la chaji kwa muda mrefu. Ndani mlikuwa na ungaunga mweupe, umeshikamana pembeni. Alichukua kijiti cha meno akakipitisha humo. Kilitoka na uji mweupe kwenye ncha. Alikipeleka ulimini.

"Mama!" Lubna alisema. "Umelamba simu?"

Parul alitema mate uani. "Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ya muri. Nani anakaanga muri humu ndani? Mimi. Kabla ya kuukaanga, mchele nauloweka kwenye maji ya chumvi. Mofiz, hii simu umeitoa kwenye maji ukaizika kwenye chumvi. Chumvi inanywa maji ya hewani. Hata tuiache humo mpaka Idi, haitakauka."

Mofiz ndiye aliyebadilisha vyuma vya pampu kila mwaka kwa sababu ya maji ya chumvi ya mabwawa. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliichukua simu, akalitazama tundu, akakaa kwenye kigoda.

"Basi tusifanye lolote kwenye simu," alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Ishakufa. Tutumie jaribio lililobaki. Nimekumbuka kwa kweli sasa. Ni mwaka aliozaliwa kaka."

"Kaka yako hajui hata yeye alizaliwa mwaka gani," alisema Bibi Jobeda.

"Kitambulisho kinasema themanini na tatu!"

"Kitambulisho kiliandikwa na karani aliyekuwa na njaa."

"Baba mdogo, nakuomba," Lubna alisema. "Usibahatishe. Ukikosea hii basi tena."

"Sibahatishi! Nipe simu."

Lubna alimtazama mama yake. Parul alisema, "Mpe."

"Mama!"

"Mpe. Ni laini yake." Akamgeukia Mofiz na kumkaribia, na hakuinua sauti. "Andika, Mofiz. Lakini kabla hujabonyeza la mwisho, uniambie mimi, si hawa. Kama una hakika, bonyeza. Ikikataa, nitamwambia Kamrul ni mimi niliyeruhusu. Kama huna hakika, sema."

Mofiz aliandika moja, tisa, nane, tatu. Kidole gumba kilisimama juu ya kitufe cha kijani. Huo ulikuwa mkono ambao watu wa mtaa mzima walikaa barazani kuutazama ukifanya kazi. Mvua iliongezeka. Bibi Jobeda aliacha kukata majani.

Alifuta namba moja moja mpaka zikaisha.

"Sijui, shemeji," alisema. "Wallahi sijui."

"Haya," Parul alisema. "Sasa tuitibu simu."

Alijifunika plastiki kichwani akatoka. Zahanati ya Daktari Nirod iko njia panda, mwendo wa dakika kumi, siku hiyo ulikuwa wa ishirini kwa tope. Mzee alikuwa amelala kwenye kiti chake na shali shingoni. Parul hakuzungusha maneno.

"Daktari, naomba spiriti. Ile kali, unayotengenezea dawa. Kichupa kimoja."

"Nani ameumia?"

"Simu."

Mzee alivua miwani, akaivaa tena. Alisikiliza hadithi yote bila kukatiza, jambo ambalo wagonjwa wake walilipenda zaidi ya vidonge. "Wewe unajua kwa nini tunatumia hii na si maji," alisema akimjazia kichupa. "Inaondoka yenyewe. Lakini ipe nusu saa, binti yangu. Ukiipitishia umeme ikiwa bado na majimaji, umeiua kwa mkono wako. Mimi mwenyewe sijawahi kuosha simu. Sikuahidi kitu."

Parul alirudi nyumbani saa tisa kasoro dakika tano.

"Hiyo ni nini?" Bibi Jobeda aliuliza, pua imeinuka. "Parul, ni pombe hiyo? Ndani ya nyumba yangu?"

"Simu ndiyo itakunywa, Mama. Mimi nashika chupa tu."

"Na ikilewa?"

"Afadhali ilewe kuliko ife."

Hata Lubna alicheka, kicheko kifupi kilichokatika katikati. Mofiz peke yake hakucheka. Alimtazama Parul akitandaza kitambaa safi sakafuni. "Shemeji, kitu kimeuawa na maji, wewe unakimwagia tena?"

"Chumvi haitoki kwa kupuliza. Itatoka kwa kuyeyuka. Umeosha pampu ngapi kwa kuipuliza?"

Mofiz aliingia chumbani na kurudi na mswaki wake mpya ambao haujawahi kutumika, akauweka pembeni mwa kitambaa bila kusema neno.

Parul aliinamisha simu, tundu likitazama chini, akaitonesha spiriti kwa kijiti kilichofungwa pamba. Tone la kwanza lilitoka jeupe. Alisugua kwa mswaki taratibu, akatonesha tena, akasugua. Tone la tano lilikuwa na ukungu. La tisa lilitoka safi kama lilivyoingia. Alifanya hivyo hivyo kwenye kitundu cha laini, akaikung'uta simu mara tatu juu ya kiganja. Mikono yake ilinuka zahanati.

"Sasa?" Lubna aliuliza.

"Sasa nusu saa."

Saa tisa na dakika kumi. Waliiweka simu kwenye kiti chini ya feni. Feni ilizunguka dakika tano, ikapunguza kasi, ikasimama. Umeme umekatika.

Bibi Jobeda alinyoosha mkono akachukua upepeo wake wa majani ya mtende, akajikokota mpaka kwenye kiti, akaanza kuipepea simu kama anavyompepea mgonjwa wa homa. "Niacheni," alimwambia Lubna alipotaka kumpokea. "Wewe kaa na huo ukurasa wako usijifunge."

Saa tisa na dakika ishirini na tano Mofiz alisimama. "Imekauka. Nimegusa. Tuchomeke."

"Bado robo saa," Parul alisema.

"Shemeji, saa kumi haisubiri! Simu ikiwaka tu inataka dakika tatu kufunguka. Nitafute hilo jina, tuandike namba, wao watume namba zao, na kwa mvua hii mnara ni huo mmoja. Hesabu mwenyewe!"

Mofiz alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomtisha Parul. Aliichukua simu akaiweka mapajani, akaifunika kwa ncha ya sari. "Nimehesabu. Ukiiunguza, hatutakuwa na cha kuhesabu."

"Mama, tafadhali," Lubna alisema. "Labda imekauka kweli."

"Labda," Parul alisema.

Alikaa hivyo, simu mapajani, akitazama mshale wa saa. Hakuwahi maishani kumkatalia mtu jambo kwa muda mrefu kiasi hicho. Mofiz alizunguka chumba. Lubna aliuma kona ya shela yake. Upepeo uliendelea, sasa ukimpepea Parul na simu kwa pamoja. Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika arobaini. Aliinusa simu. Harufu ilikuwa imeisha. Aliingiza ncha ya pamba kavu tunduni, ikatoka kavu.

"Mofiz. Chomeka."

Umeme ulikuwa bado haujarudi, kwa hiyo alichomeka kwenye kisanduku cha sola kilichokuwa ukutani. Siku tatu za mawingu zilikuwa zimekinyonya, taa yake ilikuwa ya manjano iliyofifia. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha kwenye kioo cheusi ikatokea picha ya betri tupu, yenye mstari mwembamba mwekundu.

Hapakuwa na tone la maji.

"Usiiwashe," Mofiz alinong'ona, akijiambia mwenyewe. "Ikiwashwa na sifuri itazima. Iache inywe kidogo." Huu ulikuwa ujuzi wake, na Parul alimwachia. Saa kumi kasoro dakika kumi na tano alibonyeza kitufe. Simu ilitetemeka, ikaonyesha nembo, ikazima. Lubna alipiga kelele ndogo. Mofiz alihesabu hadi sitini kwa sauti, akabonyeza tena. Nembo. Nembo ikakaa. Nembo ikakaa mno. Kisha picha ya maua ya mayungiyungi, na pembeni juu, asilimia moja.

"Fungua majina."

"Inafungua."

"Duka la Mbegu."

"Nimeona, nimeona, tulieni! Lubna, andika. Mbili. Sita. Sita. Tano."

"Mbili, sita, sita, tano," Lubna alirudia.

"Ngoja." Parul aliinama akasoma mwenyewe kwenye kioo, kidole chini ya kila namba. "Mbili, sita, sita, tano. Ndiyo."

Kioo cha simu ile kikawa cheusi mbele ya macho yake. Namba hiyo haikuwa mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote. Baadaye Mofiz alikumbuka kwamba ilikuwa namba ya gunia la mbegu za malabari lililokuwa mbele yake siku alipoifunga laini.

Lubna aliandika kwenye simu iliyopasuka, akabonyeza kijani kabla mtu yeyote hajamuuliza kama ana hakika.

*Laini imefunguliwa.*

Saa kumi kasoro dakika saba. Alibonyeza kwenye ukurasa: nitumie namba. Duara lilizunguka. Mstari wa mtandao ulikuwa mmoja, ukawa hakuna, ukawa mmoja. Lubna alitoka mvuani, shela kichwani, simu ameiinua juu, akaelekea bwawani ambako mtandao hushika vizuri. Parul alimfuata na kipande cha plastiki akimkinga, na Mofiz akawafuata wote wawili, miguu mitupu.

"Bado?"

"Bado."

"Tuma tena."

"Ukituma tena ile ya kwanza inakufa, baba mdogo. Tungoje."

"Saa ngapi?"

"Kasoro nne."

Simu ililia.

Lubna alisoma namba sita kwa sauti, Parul akazirudia kwa sauti, Mofiz akazirudia kwa sauti, watu watatu wakizipigia kelele mvua. Aliandika. Duara lilizunguka tena. Tone la mvua lilianguka kwenye kioo likasogeza ukurasa juu, Parul akalifuta kwa mgongo wa mkono. Duara lilizunguka. Kisha ukurasa ukawa mweupe, ukabaki mweupe, na Lubna akasema, "Ya Allah, ya Allah," na maneno yakashuka taratibu, mstari kwa mstari, kwa sababu ya mtandao mbovu.

*Nafasi yako imethibitishwa. Fika chuoni Rangpur tarehe kumi na nne. Njoo na godoro, chandarua, sahani na bilauri.*

Lubna alisoma mara mbili. Mofiz alikaa kwenye ngazi ya bwawa, palepale kwenye maji, na kujifunika uso. Lubna alimkumbatia mama yake kwa nguvu hivi kwamba plastiki ilipasuka. Bibi Jobeda alikuwa akiita kutoka mlangoni, "Vipi? Vipi nyinyi? Semeni basi, mimi nimechoka kupepea hewa!"

Habari zilienda haraka. Kabla ya magharibi walikuwa wamefika majirani watano, na kila mmoja alianza kwa kumpa Mofiz mkono. "Nimesikia umeifufua, fundi. Kwa pombe!" Mofiz alisimama barazani akasema si yeye, ni shemeji yake. Walicheka wakidhani anajishusha, akalazimika kusema tena kwa ukali, na kuongeza kwamba aliyeiharibu ni yeye. Hilo lilichukua muda kueleweka.

Parul hakuyasikia hayo. Alikuwa jikoni. Zile kuni zilikuwa bado zimelowana na moto haukuwa umewaka toka mchana. Alikuwa amekaa mbele ya jiko baridi, akihesabu kwa vidole. Leo ilikuwa tarehe tano.

Bibi Jobeda aliingia akishikilia ukuta, akajishusha kwenye kigoda kando yake.

"Rangpur ni mbali, Mama," Parul alisema.

"Ni mbali," mkwewe alikubali. "Treni usiku kucha."

Kutoka barazani ilisikika sauti ya Lubna ikimsomea mtu orodha: godoro, chandarua, sahani, bilauri. Bibi Jobeda alichukua kuni moja, akaipapasa, akaiweka kando, akatafuta iliyo kavu zaidi.

"Sahani tutampa ile yako ya shaba," alisema. "Imechorwa jina lako. Haitaibiwa."

Parul aliinamisha kichwa magotini, na ndipo akalia.